Mwaka wa Kujitolea kwa Lazima

Mbuzi waliochomwa kwenye sherehe ya kumuenzi mwalimu wetu wa zamani walitoka kwenye bucha yangu. Wawira ndiye aliyeagiza, kwa simu, kwa sauti ile ile ya kuamrisha aliyokuwa nayo tangu akiwa kiranja wetu darasa la saba. "Zena, tunataka mbuzi wachanga, na usituletee mafuta matupu. Halafu uje wewe mwenyewe. Mwalimu Kirimi atakuwepo." Nilimwambia nyama itafika, mimi sijui. Akacheka akidhani ni mzaha. Nilikwenda, si kwa sababu ya mwalimu, bali kwa sababu sijawahi kuacha nyama yangu ichomwe na watu wasioijua. Kwenye bustani ya hoteli walikuwa wamepiga hema, viti vya plastiki vimevalishwa vitambaa vyeupe, na kila mtu amepewa fulana ya kijani yenye picha ya mto na uso wa Mwalimu Kirimi juu yake, kana kwamba mto ulitoka kichwani mwake. Yangu niliikunja nikaikalia. Mwalimu mwenyewe alikuwa meza ya mbele, mzee sasa, mwembamba, koti limemlegea mabegani, na watu waliokuwa wakimkimbia kwa hofu ya kiboko walikuwa wamepanga foleni kupigwa picha naye. Nilikaa karibu na jiko la mkaa, mahali ambapo moshi ulinipa sababu ya kukunja uso.

Mwaka ule tulikuwa na miaka kumi na mitatu, kumi na minne. Shule yetu ilikuwa upande wa chini wa mji wa Embu, na chini ya shule ulipita mto ambao sisi hatukuuita jina lake, tulisema tu "kwa mto". Kwa mto ndiko mama zetu walikofulia blanketi, ndiko wanaume walikooshea magari ya abiria, ndiko kulikokuwa na nduma na sukuma wiki zilizonyweshwa kwa debe, na ndiko mji mzima ulikotupa kila kitu usichokitaka tena. Mifuko ya plastiki ilikuwa haijapigwa marufuku. Ilining'inia kwenye matawi, myeusi na ya buluu, ikijaa upepo. Nepi, viatu vya mguu mmoja, chupa, manyoya ya kuku, magodoro. Hatukuona ajabu. Ukikua karibu na kitu kinachonuka, pua yako hukoma kukuambia.

Mwalimu Kirimi aliletwa shuleni kwetu Januari, kufundisha sayansi. Alitoka Mitunguu, upande wa Meru, na hilo tulilijua siku ya kwanza kwa sababu alilisema siku ya kwanza. Alituambia kwamba kwao ndizi huota kwa maji ya mferejini, na kwamba mtu akichafua maji ya jirani kule, jirani haendi kwa chifu, anakuja na panga. Alikuwa kijana, pengine hajafika thelathini, na alitembea haraka sana kiasi kwamba tai yake ilikaa begani. Wiki ya pili akatangaza Klabu ya Mto. Kila Jumamosi asubuhi darasa la sita, la saba na la nane wangeshuka na magunia. "Hii ni kazi ya kujitolea," akasema. "Mnajua maana ya kujitolea? Ni kwamba hakuna mtu amekulazimisha, ni roho yako." Kisha akaongeza kwamba ambaye roho yake haitamleta Jumamosi, Jumatatu atainama mbele ya gwaride achapwe. Darasa zima lilielewa kujitolea ni nini.

Nitasema ukweli wote, hata ule usionipendeza. Baada ya majuma machache watoto waliipenda kazi ile. Alijua kutuchezesha. Alitugawa kwa mashindano, gunia kwa gunia, akatunga nyimbo za kututania, akavua viatu na kukunja suruali na kuingia majini kabla yetu, na alipochomoa godoro zima kutoka kwenye tope, akianguka nalo chali, tulicheka mpaka wanawake waliokuwa wakifua wakacheka pia. Sehemu ile chini ya daraja ilianza kuonyesha mchanga wake. Lakini mji haukutupenda. Waosha magari walitumwagia maji ya sabuni kwa makusudi, wakisema tunawaharibia kazi. Wazazi walikuja shuleni kulalamika kwamba Jumamosi ndiyo siku ya kuchuma kahawa na kutafuta majani ya ng'ombe, na kwamba hawakulipa karo ili mtoto awe mzoa taka. Mama mmoja alisimama langoni na ndoo yake akapaza sauti: "Mwalimu, wewe huna watoto! Ukizaa wako uwapeleke kwa choo ya watu!" Mwalimu Kirimi akamjibu, mbele yetu sote, kwamba ile choo ya watu hutoka kwenye ndoo yake yeye. Hakuwa mtu wa kupunguza moto. Alipenda kuwa upande wa haki, na alipokuwa upande huo hakuangalia alikuwa akimkanyaga nani.

Ilikuwa karibu mwisho wa muhula wa kwanza aliponikanyaga mimi. Tulikuwa tumesafisha pale chini ya daraja mara nyingi, na kila Jumamosi tulikuta maji yamerudi kuwa na rangi ya chai ya rangi, na utando wa mafuta juu yake, na nzi. Siku hiyo akasema hatuzoi tena, tunapanda juu kutafuta. Tukafuata ukingo, tukapita mashamba ya sukuma, tukapita nyuma ya ua wa kichinjio. Pale, chini ya mabati yaliyofunikwa majani ya migomba, kulikuwa na mfereji. Mwalimu aliinua bati moja. Sitaelezea sana, mimi nimeishi na damu maisha yangu yote na hainitishi, lakini hata mimi nilirudi nyuma. Damu, samadi ya matumboni, kwato, vipande vya ngozi, yote yakiteremka polepole kuingia mtoni, mahali ambapo hatua chache chini yake mwanamke alikuwa akichota maji ya kunyweshea mboga. Shimo la kichinjio lilikuwa limejaa zamani, na badala ya kuchimba lingine walikuwa wamelifungulia njia.

Mwalimu Kirimi akaokota pembe moja, akaiinua juu. "Nani babake anafanya kazi hapa?" Wote walinitazama mimi. Katika shule nzima Waislamu wa mjini tulikuwa wachache, na kila mtu alijua kwamba kila ng'ombe aliyechinjwa pale alichinjwa kwa mkono wa baba yangu. "Zena. Kuja hapa mbele." Nikaenda. Akanishika? Hapana, hakunishika, na neno hilo lina uzito wake, mtaona. Alinielekeza kwa ile pembe nisimame ukingoni mwa mfereji, nikiwaelekea wenzangu. "Angalieni viatu vyake," akasema. "Viatu safi, si ndiyo? Vya ngozi. Vimenunuliwa na hii." Akaielekeza pembe kwenye damu. "Nyinyi mnazoa, mnainama, mgongo unauma, na huyu nyumbani kwao wanakula faida." Kisha akanipa karai na kuniambia nianze mimi. Nilichota. Kila nilipoinama nilisikia wakicheka nyuma yangu, na Wawira, ambaye tulikuwa tukikaa dawati moja na kugawana githeri yake na chapati yangu, ndiye aliyelitamka kwanza: "Zena Matumbo." Jina likanishika palepale. Lilinifuata darasani, chooni, njiani, hata sokoni. Kwenye ile hoteli, baada ya miaka yote hii, mwanamume mmoja mwenye tumbo na simu mbili alinipita akiwa na sahani yake akasema, "Ah, Matumbo! Nyama ni tamu!" kama mtu anayenipa zawadi.

Sikusema kitu nyumbani. Nilivua viatu nikaviosha na kuvificha. Lakini mama yake Wawira alinunua nyama kwenye bucha ndogo ya baba siku ya Jumatatu na kumsimulia, akicheka, juu ya meza ya kukatia. Baba alikuja shuleni vilevile alivyokuwa, na koti lake jeupe la kazi lenye madoa kifuani. Tulimwona kupitia dirishani akivuka uwanja. Mwalimu Kirimi alitoka nje, akafunga mlango, lakini dirisha letu halikuwa na kioo.

"Mwalimu, mtoto wangu ni ng'ombe wa mnada, umsimamishe watu wamkague?"

"Mzee, sikuwa na ubaya na mtoto. Huo mfereji ni wenu. Fungeni, mimi nitanyamaza."

"Mfereji si wangu. Mimi nachinja, nalipwa, nakwenda."

"Basi mwambie mwenyewe afunge."

Mwenye kichinjio alikuwa Mzee Nyaga, na Mzee Nyaga ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya shule. Alikuwa na kichinjio, alikuwa na nyumba za kupangisha, alikuwa na kiti cha mbele kanisani, na ndiye aliyetoa ng'ombe kila sherehe ya shule. Hata Mwalimu Kirimi alikuwa amekula ng'ombe wake. Baba aligeuka, akaondoka bila kunitazama, na hata hajavuka uwanja, mtu nyuma akalia kama ng'ombe.

Mwalimu hakungoja mfereji ufungwe. Muhula wa pili ulipofunguliwa, siku ya soko, alituongoza mpaka kwenye lango la kichinjio tukiwa na makarai ya maji yale, tukayapanga chini barabarani, tukasimama nyuma yake tukiimba. Wateja waliokuja kununua nyama ya jumla waliangalia makarai, wakaangalia lango, wakarudi walikotoka. Siku hiyo mabucha ya mji yalikaa na nyama mpaka ikabadilika rangi. Wafanyakazi wa kichinjio walitoka na visu vyao, si kutukata, lakini walitoka navyo, na mmoja akapiga teke karai moja baada ya jingine mpaka sare zetu zikaloa. Watoto wadogo walilia. Mwalimu Kirimi alisimama palepale, tai begani, akasema, "Imbeni." Tukaimba. Mimi pia niliimba, kwa sababu nilikuwa nimesimamishwa mstari wa mbele, na baba alikuwa kwenye lango akinitazama.

Jumapili iliyofuata wanaume walikuja nyumbani kwetu. Sebule yetu ilikuwa ndogo, makochi ya vitambaa vilivyoshonwa na mama, meza ya katikati yenye kitambaa cha plastiki, saa ya ukutani yenye picha ya Makka. Walijaa mpaka wengine wakakaa kwenye mikono ya makochi. Mzee Nyaga alipewa kiti cha baba. Alikuwa na fungu la muguka ndani ya mfuko wa koti, na alichuma jani moja moja akitafuna upande wa shavu, taratibu, kama mtu aliye kwake. Mama alipika chapati na chai ya tangawizi, na nyama ya kukaanga iliyokatwa vipande vidogo, na mimi ndiye niliyeingiza. Nilimkuta Mzee Nyaga katikati ya sentensi.

"...uhamisho ofisini inachukua mwaka. Huyu atatumaliza kabla ya mwaka. Lakini kuna maneno mwalimu akishikwa nayo, hata wiki haimalizi." Kisha akaniona. Hakunyamaza. Alitabasamu. "Ndiyo huyu. Zena, mtoto yangu, kuja hapa. Yule mwalimu wako, unampenda?"

"Hapana, Mzee," nikasema.

"Alikuaibisha, si ndiyo? Mbele ya watu. Msichana mkubwa hivi." Aliwageukia wenzake. "Mnaona? Mtoto ana uchungu yake. Hata si uwongo mingi. Yeye aseme tu kwa kamati ati huyo mwalimu alimshika huko kwa mto. Vile wasichana husemanga. Mimi nitafanya ile ingine."

Nilikuwa bado nimeshika birika. Watu wazima wote wale, ambao wengine wao walinijua tangu nikiwa mgongoni, waliangalia vikombe vyao. Nilimtazama baba. Alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango, kwa kuwa kiti chake kilikuwa kimechukuliwa. Alirarua kipande cha chapati, akakichovya kwenye chai, akakiacha humo mpaka kikalainika na kukatika na kuzama. Nilingoja, na bado nakumbuka nilivyongoja, kwa mwili mzima, na nilipoona kwamba hakuna neno litakalokuja nilimimina chai iliyobaki, nikawagawia sukari, nikatoka.

Jikoni mama alikuwa ameegemea ukuta, mikono ina unga. Alikuwa amesikia, kati ya jiko na sebule kulikuwa na pazia tu. Alinivuta mpaka uani, nyuma ya tangi la maji. "Mimi siwezi kumbishia babako mbele ya wanaume wale," akasema kwa sauti ya chini. "Na siwezi kukwambia tutakula nini Nyaga akimfukuza. Lakini mdomo ni wako, Zena. Wale wote wataenda makwao. Wewe utabaki na huo mdomo." Kisha akarudi ndani kugeuza chapati, kwa sababu ilikuwa ikiungua.

Watu wakisikia hadithi hii, na nimeisimulia kwa wachache sana, hutaka nilale nikilia, nikisumbuliwa na dhamiri. Sikusumbuliwa hivyo. Nilitamani kusema. Nilimchukia Mwalimu Kirimi kwa chuki safi ambayo mtu mzima hana nguvu ya kuibeba. Nilijifikiria nikisema na kumwona akikunjamana, darasa likimgeuka, yeye naye akitafutiwa jina. Nilifanya mazoezi ya maneno nikifua sare yangu. Na kila nilipoyafanyia mazoezi niliona pia uso wa Mzee Nyaga akitabasamu na kutafuna, akisema mtoto ana uchungu wake, kana kwamba uchungu wangu nao ni kitu cha kichinjio chake, cha kupitisha kwenye mfereji kuelekea anakotaka. Hilo ndilo lililonikwama. Uchungu ule ulikuwa wangu. Sikuwa nimewahi kuwa na kitu kilicho changu zaidi ya hicho, na sikutaka kumpa.

Kamati ilikaa katika darasa la nane. Wanaume na wanawake wazima walibanwa kwenye madawati ya watoto, magoti juu, na wazazi wengine wengi walijaa madirishani, kwa kuwa habari ilikuwa imevuja, na Mzee Nyaga ndiye aliyeivujisha. Mwalimu Kirimi alikaa peke yake upande mmoja. Mwalimu mkuu hakumwangalia. Nilisimamishwa mbele ya ubao. Nilikuwa nimezoea kusimamishwa.

"Zena, usiogope," Mzee Nyaga akasema. "Hapa ni wazazi yako wote. Sema kile mwalimu alikufanyia kwa mto."

"Alinisimamisha kwenye damu," nikasema. "Akawaambia watoto waangalie viatu vyangu. Akanifanya nichote. Tangu siku hiyo wananiita Matumbo."

"Ee. Na akakushika."

"Hakunishika."

"Mtoto anaogopa," akawaambia wazazi. "Zena, kumbuka vizuri."

"Nakumbuka. Hakunishika. Wewe ndiye ulikuja nyumbani Jumapili ukasema niseme alinishika. Ulikaa kwa kiti cha baba."

Kelele iliyotoka pale sikuitarajia. Wale wale waliomchukia mwalimu kwa sababu ya kahawa na majani ya ng'ombe, walioahidi kumwaga ndoo mlangoni pake, waligonga madawati. Yule mama wa ndoo aliingiza kichwa chote dirishani akamwuliza Nyaga kama angemtuma binti yake mwenyewe kusema maneno hayo. Mzee mmoja wa kamati, mfugaji, alisimama akasema kwa Kimbeere, kisha akarudia kwa Kiswahili ili kila mtu asikie, kwamba ng'ombe zake hunywa mto ule ule chini, na kwamba yeye aliambiwa zinakufa kwa sababu ya majani. Mzee Nyaga alijaribu kuongea. Hawakumpa nafasi. Nilimtafuta baba kati ya vichwa vile, nikaona mgongo wake tu, koti jeupe, akitoka kwa mlango wa nyuma. Mwalimu Kirimi alikuwa ameinamisha macho kwenye meza. Hakuniangalia hata mara moja.

Jumamosi iliyofuata wazazi wenyewe walikwenda na majembe na mikokoteni wakafukia mfereji. Sikwenda kuangalia. Nyaga aliacha uenyekiti akisema ana ugonjwa wa mgongo, na wakamfanyia sala. Lakini bado alikuwa na watu wake ofisini, nao wakauharakisha ule uhamisho wa mwaka mzima, na kabla ya muhula kwisha Mwalimu Kirimi alihamishwa, akapelekwa upande wa Gachoka, kwenye shule ambayo tuliambiwa maji yake huletwa na punda. Siku ya kuondoka nilikuwa langoni. Nilikuwa nimekaa pale kwa makusudi, nikijifanya nafunga kamba za viatu. Pikapu ilikuwa na kitanda chake, jiko, na masanduku mawili. Aliniona, najua aliniona, kwa sababu alisita kabla ya kupanda. Kisha akageuza uso, akaingia, akafunga mlango. Sikutaka asante. Labda nilitaka aseme "viatu". Klabu ya Mto ilikufa kabla magunia hayajaoza, na kufikia Oktoba matawi yalikuwa yamevaa plastiki tena.

Na baba alifukuzwa kichinjioni. Bucha yake ilibaki, lakini hakuna aliyemchinjia wala aliyemruhusu kuchinja pale, kwa hiyo alitafuta mbuzi huko Gachoka na Kiritiri, akarudi na vumbi mpaka kwenye kope. Nyumbani kwa mchinjaji tukala muthokoi, mahindi ya kukobolewa, na maharage, maharage na muthokoi. Hakunipiga. Hakunitukana. Aliacha tu kusema nami. Alimwambia mama, "Mwambie huyo aniletee maji," nami nikiwa nimesimama mbele yake. Hali hiyo iliendelea mpaka mwaka ukaisha, na siku alipoanza tena kunisemesha alinisemesha kuhusu kisu, kwamba nilikuwa nakinoa vibaya, na akanionyesha. Ndivyo nilivyoingia katika kazi hii.

Kwenye hoteli, walipomaliza kula, Mwalimu Kirimi alipewa maikrofoni. Alizungumza vizuri, amekuwa akizungumza miaka mingi, shule kwa shule, Meru yote inamjua, wanafunzi wake wamesafisha mito mpaka kule kwao Mitunguu. Akasema watoto wa Embu ndio waliomfundisha. "Hawa walikuja kwa roho yao," akasema. "Sikulazimisha mtu." Watu walipiga makofi, wale wale walioinama mbele ya gwaride. Kisha akasema kulikuwa na msichana mmoja, binti wa mchinjaji, aliyesimama kumtetea mbele ya kamati kwa sababu alikuwa amemfundisha kupenda ukweli. Wawira alinielekezea kidole. Watu wakageuka. Nilikuwa nimeshika koleo la mkaa, na sikusimama.

Alinifuata baadaye, mwenyewe, na fimbo yake, mpaka pale penye jiko la mkaa. "Zena," akasema. "Umekataa fulana yangu."

"Mwalimu, hukunifundisha kupenda ukweli. Nilikuchukia."

"Najua."

"Siku unaondoka uliniona langoni. Ukageuza uso."

Alitazama makaa. "Niliogopa," akasema. "Watu walikuwa wamejaa barabarani. Ningesimama na wewe peke yetu, hata dakika moja, wangesema basi ilikuwa kweli. Tangu siku hiyo, Zena, sijawahi kuongea na msichana wa shule bila mwalimu wa kike kuwa karibu. Miaka yote. Hata binti zangu wenyewe nilikuwa nikiwasalimia nimeacha mlango wazi." Nilimwamini. Hilo sikuwa nimelifikiria kamwe. Nikamwuliza basi kuhusu siku ya mfereji, kuhusu viatu, kuhusu alivyonisimamisha. Alikunja paji la uso akijaribu kwa dhati. "Mfereji naukumbuka," akasema. "Hiyo ya viatu, hapana. Nilisema hivyo? Pole. Sikumbuki." Nilimwambia nyama itapoa, arudi mezani. Aliponyoosha mkono niliushika, kwa sababu ni mzee, na kwa sababu wengine walikuwa wakitazama, na mkono wangu ulikuwa na majivu.

Baba anaishi nami sasa, mtaa wa Dallas hapa Embu, katika chumba cha mbele kinachopata jua. Mama alishatangulia. Jioni ile nilimletea sahani ya nyama niliyoibakisha, ubavu, anavyopenda, nikaketi kwenye ukingo wa kitanda akila.

"Kirimi alikuja?"

"Alikuja."

"Amezeeka?"

"Amezeeka sana."

"Vizuri," akasema, akaendelea kutafuna.

Kwa miaka yote sikuwa nimemwuliza. Nilikuwa nimemwoshea nguo, nimempeleka hospitali, nimerithi visu vyake, na sikuwa nimemwuliza. Nikasema, "Baba, ile Jumapili Nyaga alipokuja. Kama ningekubali kusema yale maneno, ungenizuia?"

Hakujifanya hajaelewa. Aliweka mfupa kwenye sahani, na niliona kwamba alikuwa akitafuta jibu la kweli wala si jibu la kunifurahisha.

"Hapana," akasema. "Ningekuacha useme."

"Halafu?"

"Halafu nisingeweza kukuangalia tena."

"Lakini nilipokataa pia hukuniangalia."

"Ee," akasema baba. "Pia."

Nje watoto wa jirani walikuwa wakipiga mpira ukutani kwetu, na siku nyingine ningetoka kuwafokea. Alisukuma sahani kando, akaniomba maji ya kunawa. Nilileta beseni na birika, nikammiminia, akasugua kidole kimoja kimoja taratibu mpaka mafuta yakaisha, na nikaendelea kumimina.